Mtoto akitaka kuona roketi: Panga safari ya Ngomeni na Lamu

Ahadi ni deni, na deni zito kuliko yote ni lile ambalo mzazi hujitwika mbele ya mtoto. Katika miji yetu, mtoto wa shule ya msingi huitazama roketi ikipaa ng'ambo kwenye runinga au simu ya mama yake, moto ukiwaka chini yake na umati ukishangilia. Kisha anageuka na kuuliza: "Baba, na sisi tutaenda lini kuona?" Baba aliyechoshwa na kazi za wiki nzima hujibu upesi, "Likizo ikifika, mwanangu," akidhani mambo yamekwisha. Hayajaisha. Mtoto anahesabu siku.

Habari njema kwa mzazi huyo ni kwamba ombi la mwanawe si la kipuuzi, wala jibu lake haliko ng'ambo peke yake. Roketi zimewahi kurushwa kutoka Kenya. Kati ya 1967 na 1988, roketi tisa zenye setilaiti zilipaa kutoka jukwaa la chuma lililosimikwa baharini karibu na kijiji cha Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, kwenye njia ile ile anayoifuata msafiri wa kwenda Lamu.

Habari isiyopendeza ni kwamba roketi ya mwisho iliondoka hapo Machi 25, 1988. Jamii itakayofunga safari leo kwenda Ngomeni haitaona moto wala kusikia ngurumo. Je, safari hiyo ina faida gani? Ina faida kubwa, mradi ipangwe vizuri na watoto waambiwe ukweli kabla basi halijang'oa nanga. Ngomeni wataona mahali roketi zilikotoka. Lamu, kwenye giza la visiwani, wataona kwa macho yao kile ambacho roketi huenda kukiacha huko juu.

Kuifuata roketi ng'ambo

Kabla hatujashika njia ya pwani, ni vyema mzazi afahamu ni kwa nini si busara kuuza shamba ili kuwapeleka watoto Florida.

Kwanza, roketi haina ratiba kama ya gari moshi. Mwaka 2022 shirika la NASA la Marekani lilitangaza kwamba roketi yake kubwa ya Artemis I ingeondoka Agosti 29. Maelfu ya watu walisafiri na kulipia vyumba vya hoteli. Siku hiyo ilifika, roketi ikabaki pale pale. Ikajaribiwa tena Septemba 3, mafuta yakavuja, safari ikaahirishwa. Hatimaye ilipaa Novemba 16, usiku wa manane. Jamii iliyokuwa na likizo ya wiki moja tu mwezi Agosti ilirudi nyumbani na picha za roketi iliyosimama.

Sisi wenyewe tuliyaonja hayo. Setilaiti yetu ya Taifa-1 ilipokuwa ikingojewa kurushwa kutoka kituo cha Vandenberg, California, mnamo Aprili 2023, Wakenya walikaa mbele ya runinga na simu zao, wakaambiwa hali ya hewa ni mbaya, wakarudi tena, wakaambiwa vivyo hivyo. Iliondoka Aprili 15. Aliyekuwa sebuleni kwake hakupoteza kitu ila usingizi. Aliyekuwa amekata tikiti ya ndege angepoteza mengi.

Pili, hata anayebahatika huwa mbali. Kwa sababu za usalama watazamaji huwekwa kilomita nyingi kutoka kwenye roketi. Mwanga hufika mara moja lakini sauti huchukua kama sekunde tatu kwa kila kilomita, kwa hivyo aliye umbali wa kilomita 12 huona moto na kukaa zaidi ya nusu dakika kabla ya kusikia mngurumo. Baada ya dakika chache roketi imekuwa nukta, na watu wanakunja viti.

Roketi zetu za Ngomeni

Mradi wa Ngomeni ulikuwa wa Waitalia, wakishirikiana na Marekani. Kiongozi wake alikuwa Luigi Broglio, mhandisi na mwanajeshi wa anga aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Roma. Majukwaa mawili yalisimikwa katika ghuba ya Ungwana: San Marco, ambalo roketi ziliondokea, na Santa Rita, ambalo wataalamu waliliongozea shughuli. Nchi kavu, hapo Ngomeni, kukajengwa kituo cha kupokea mawasiliano ya setilaiti.

Setilaiti ya kwanza kurushwa hapo ilikuwa San Marco 2, tarehe Aprili 26, 1967. Roketi iliyotumika iliitwa Scout, yenye urefu wa mita 23 hivi, sawa na jumba la ghorofa saba.

Iliyo na jina tamu zaidi kwa masikio yetu ilirushwa Desemba 12, 1970, siku ambayo Kenya ilikuwa ikiadhimisha miaka saba ya uhuru. Wamarekani walioitengeneza waliipa jina la Uhuru, kwa heshima ya siku hiyo na ya watu waliowakaribisha. Aliyekuwa msimamizi wa mradi huo, Bi. Marjorie Townsend, ni miongoni mwa wanawake wa kwanza kuongoza kazi ya namna hiyo katika NASA. Wasichana wetu wanaoambiwa kwamba fizikia ni ya wavulana waambiwe na hilo pia.

Uhuru haikuwa mapambo. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa kwa ajili ya kuchunguza nyota zinazotoa miali ya eksirei. Miali hiyo huzuiwa na hewa ya dunia yetu, kwa hivyo huwezi kuichunguza ukiwa ardhini, hata ukipanda kilele cha Kirinyaga. Kwa muda wa miaka miwili na zaidi, Uhuru ilisaidia wataalamu kuorodhesha vyanzo 339 vya miali hiyo. Kimojawapo, kiitwacho Cygnus X-1, ndicho kilichowafanya wataalamu waanze kuamini kwamba yale mashimo meusi ya angani, yanayomeza hata mwanga, si hadithi ya vitabuni. Kiongozi wa watafiti hao, Riccardo Giacconi, alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Kwa nini walikuja hapa? Mtoto aliyepanda matatu atalielewa jibu. Manamba anayeruka chini gari likiwa bado linakwenda husukumwa mbele na mwendo wa gari lenyewe. Dunia nayo huzunguka kuelekea mashariki, na kwenye ikweta mwendo huo ni kama kilomita 1,670 kwa saa. Huko Florida ni kama 1,470. Roketi inayorushwa kuelekea mashariki kutoka karibu na ikweta huanza safari ikiwa tayari imepewa msukumo wa bure. Isitoshe, mashariki mwa Ngomeni ni Bahari ya Hindi tupu. Vipande vya roketi vikianguka haviangukii paa la mtu.

Njia ya kufuata

Kwa jamii inayotoka Nairobi, safari isiyochosha watoto ni ya vituo vitatu. Siku ya kwanza panda gari moshi la Madaraka hadi Mombasa, kisha gari hadi Malindi, mwendo wa kilomita 120 hivi. Laleni hapo. Anayejaribu kufika Lamu kutoka Nairobi kwa siku moja kwa barabara huwafikisha watoto wakiwa hawana hamu hata ya kuiona bahari.

Siku ya pili elekea kaskazini. Utavuka mto Sabaki, upite Mambrui na Gongoni, ambako mashamba ya chumvi humetameta juani, kisha ukate kulia kuelekea Ngomeni. Ni kijiji cha wavuvi. Ukiwa ufuoni, tazama baharini: yale majukwaa yanayoonekana kwa mbali juu ya miguu yake ya chuma ndiko Uhuru ilikotoka.

Hapa kuna jambo la kuzingatia. Kituo cha nchi kavu, ambacho sasa kina jina la Luigi Broglio, bado kinafanya kazi ya kufuatilia setilaiti. Ni mahali pa kazi, wala si bustani ya wanyama. Anayetaka kuingia ndani na watoto aombe ruhusa kwa maandishi mapema, na asitoke nyumbani kabla ya kupata jibu. Shule zinazokwenda kwa kundi zifanye hivyo wiki nyingi kabla. Msipopewa ruhusa, ufuo wa kijiji unatosha. Salimianeni na wenyeji, ulizeni wazee walioishi hapo enzi za roketi, na mkinunua samaki wa chakula cha mchana msivutane bei hadi mkajivunjia heshima.

Kutoka hapo rudini Malindi mkalale, kisha siku ya tatu mshike barabara ya Garsen na Witu hadi Mokowe. Safirini mchana, na siku moja kabla ulizieni polisi au kampuni ya mabasi hali ya barabara na usalama. Mokowe gari linaishia. Mtapanda mashua, na kwa muda wa nusu saa au pungufu mtakuwa Lamu. Wenye uwezo huweza kuruka kwa ndege hadi uwanja ulioko kisiwa cha Manda na kuvuka kwa boti, ila hao wataikosa Ngomeni.

Lamu, dirisha la angani

Mji wa kale wa Lamu uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Watoto wa mjini hushangaa kwanza kwamba punda ndiye mwenye njia, na kwamba kuna vichochoro ambavyo ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Mchana watembezeni: jumba la makumbusho, ngome, mafundi wa milango ya nakshi. Lakini jambo lililowaleta ni la usiku.

Nairobi mtoto huona nyota chache tu, kwa sababu taa za jiji huufunika mwanga wake. Panda juu ya dari ya nyumba ya wageni huko Shela, mbali na taa za mji, na zima kila tochi. Macho huhitaji kama dakika 20 kulizoea giza. Baada ya hapo, mtoto aliyedhani anaijua mbingu huanza kunong'ona.

Wakati mzuri wa kuona setilaiti ni saa moja hivi baada ya jua kutua, au saa moja kabla halijachomoza. Setilaiti haina taa yake. Inaonekana kwa sababu iko juu sana, na jua ambalo kwetu limekwisha kutua bado linaimulika. Ukitaka mtoto aelewe, msimamishe jioni kwenye kichochoro: chini kumeshaingia giza lakini ncha ya mnara wa msikiti bado inang'aa kwa jua. Setilaiti ni mnara mrefu zaidi, basi.

Utaitambuaje? Huenda taratibu kama nyota iliyoamua kuhama, haiwakiwaki kama ndege, na ndani ya dakika chache imevuka anga au imezimika ghafla ilipoingia kwenye kivuli cha dunia. Kubwa kuliko zote ni kituo cha kimataifa cha anga za juu, ambacho watu wameishi ndani yake bila kukatika tangu Novemba 2000. Kiko umbali wa kilomita 400 hivi kutoka ardhini, na huizunguka dunia kwa dakika 90. Hakipiti juu ya Lamu kila jioni, lakini saa za kupita kwake hutolewa kwenye intaneti kwa kila mji. Ziandike kabla ya kutoka nyumbani. Ni kutoka kituo hicho ambapo setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi iliachiliwa Mei 11, 2018, ikawa ya kwanza ya Kenya kuingia angani.

Baada ya setilaiti, waonyesheni watoto nyota za wenyewe. Mabaharia wa visiwa hivi walivuka bahari kwenda Uarabuni na kurudi kwa kuzifuata, karne nyingi kabla ya roketi. Mwezi wa Desemba, jioni, kile kishada kidogo cha nyota kiitwacho kilimia huwa juu angani. Wahenga walisema kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Hiyo ilikuwa kalenda ya mkulima. Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali, zikiwepo, zina majina ya Kiswahili, na ni aibu mtoto wetu kuzijua kwa Kiingereza tu.

Mwezi na maji

Wengi hukosea hapa. Safari ya kutazama nyota haipangwi kwa kalenda ya ofisini. Mbalamwezi hufuta nyota na setilaiti hafifu, kwa hivyo chagua siku za mwisho au za mwanzo kabisa za mwezi wa Kiislamu, wakati mwezi haupo au umeandama juzi tu. Ukiwa Lamu huhitaji kitabu. Uliza mtu yeyote barazani leo ni mwezi ngapi.

Mwezi huo huo ndio unaotawala bahari. Siku za mwezi mwandamo na za mwezi mpevu huwa za bamvua, maji yakijaa sana na kupwa sana. Ukitaka kwenda kutazama magofu ya Takwa kisiwani Manda, mashua huingilia mkono wa bahari katikati ya mikoko wakati maji yamejaa. Anayechelewa huteremka na kukanyaga tope. Kwa hivyo panga saa na nahodha tangu jana yake, wala usimlazimishe kuondoka kwa saa zako.

Kwa likizo za shule, Desemba ni mwezi mzuri. Mvua za vuli huwa zimepungua, upepo wa kaskazi umeanza, na aliye Ngomeni tarehe 12 atakuwa amesimama hapo siku ile ile ya kumbukumbu ya Uhuru. Ikiwa tarehe hiyo mwezi ni mpevu, chagueni: Ngomeni siku ya Jamhuri na Lamu mbalamwezi, au safari nzima isogezwe wiki mbili. Likizo ya Aprili iacheni, maana mvua za masika huanza na wingu halina huruma.

Mambo mengine ya kuzingatia ni haya:

Kila mtoto avae jaketi la kuokolea maisha kwenye mashua, hata kama nahodha anasema bahari ni shwari. Likikosekana, tafuta mashua nyingine.

Bebeni tochi moja iliyofungwa kitambaa chekundu, maana mwanga mwekundu hauharibu macho yaliyozoea giza. Darubini ndogo ni nzuri lakini si lazima.

Tazameni nyota kutoka darini kwa mwenyeji wenu, wala msizurure ufuoni usiku.

Lamu ni mji wa Kiislamu wenye adabu zake. Vaeni nguo za heshima mjini, pigeni hodi, na msimpige mtu picha bila idhini yake.

Wekeni siku moja ya ziada, kwa sababu wingu likitanda usiku wa kwanza mtahitaji usiku wa pili.

Maswali ya njiani

Watoto wakubwa, hasa wa sekondari, watauliza maswali magumu zaidi. Watauliza kwa nini roketi zilirushwa kwetu na ujuzi ukaenda kwingine. Usiwanyamazishe. Swali hilo limewahi kuulizwa na wakubwa wa nchi hii, na malalamiko kwamba Kenya haikunufaika vya kutosha na kituo cha Ngomeni yamekuwepo kwa miaka mingi. Shirika la Anga za Juu la Kenya liliundwa mwaka 2017, karibu miaka 30 baada ya roketi ya mwisho kuondoka. Taifa-1 ilibuniwa na wahandisi Wakenya wakisaidiwa na kampuni ya Bulgaria, lakini ilibidi ipelekwe California kurushwa, ilhali mahali ambapo dunia hutoa msukumo wa bure pako hapa hapa kwetu. Kijana akiyafahamu hayo akiwa amesimama mchangani Ngomeni, hesabu za fizikia haziwi tena za kupita mtihani peke yake.

Basi mzazi, kabla ya kukata tikiti, waketishe watoto na uwaambie wazi: "Roketi hatutaiona. Tutaona ilikoondokea, kisha tutaona ilikokwenda." Huenda mdogo akanuna. Afadhali anune sebuleni kuliko kulia Ngomeni akidhani umemdanganya. Atakaponyoosha kidole juu ya dari huko Shela na kusema, "Mama, ile inatembea," deni litakuwa limelipwa.